Jeni ya Mdudu Imesomwa, ya Mgonjwa Bado

Mbeya walishaanza kitambo kupima jeni kabla ya kuandika dawa, ingawa wanaoifanya kazi hiyo hawaiiti kwa jina kubwa namna hiyo. Mtu amekohoa wiki mbili, amekonda, usiku anatoka jasho. Anafika zahanati, anapewa kikopo, anatoa makohozi, na kikopo kinapandishwa pikipiki kwenda kwenye maabara yenye mashine ya GeneXpert. Mashine inajibu maswali mawili kwa mkupuo mmoja. La kwanza: vimelea vya kifua kikuu vimo au havimo? La pili: jeni yao moja, ambayo wataalamu huiita rpoB, imebadilika pale ambapo mabadiliko huifanya rifampisini ishindwe kuviua? Majibu hutoka ndani ya saa mbili hivi. Zamani vimelea vilioteshwa maabara kwa wiki kadhaa ndipo ijulikane dawa gani inaviweza, na wiki hizo zote mgonjwa alimeza vidonge kwa kubahatisha huku akikohoa chumba kimoja na wanawe.

Nyanda za Juu Kusini hazikukaa zikingoja wengine wamalize kuijaribu mashine hiyo. Kituo cha utafiti wa tiba cha Mbeya, kilicho chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kina ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich ulioanza miaka ya 1990. Shirika la Afya Duniani liliipitisha GeneXpert Desemba 2010. Mwaka uliofuata watafiti wa Mbeya na wenzao wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuipima kwa makohozi ya wagonjwa wa hapohapo Mbeya. Kwa hiyo tunapozungumzia jeni na tiba katika ukanda huu, hatuzungumzii habari za kuletewa.

Na jibu la mashine hubadilisha safari nzima ya mgonjwa. Aliyekutwa na vimelea vinavyotii rifampisini huanza dozi ya miezi sita. Aliyekutwa na usugu, kwa miaka mingi njia yake ilielekea Kibong'oto, wilayani Siha mkoani Kilimanjaro, ambako matibabu ya TB sugu yalianza 2009. Matibabu hayo yalikwenda mwaka mmoja na nusu na zaidi, yakiwa na miezi ya sindano ambazo ziliwaacha baadhi ya wagonjwa viziwi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mpango wa vidonge wa miezi sita hata kwa wengi wenye usugu. Yote hayo yanaamuliwa na herufi chache za jeni.

Lakini jeni hiyo ni ya mdudu. Mwenye mwili hajasomwa.

Tuchukue isoniazidi, dawa inayokwenda sambamba na rifampisini katika vidonge vya kawaida vya TB. Ini la binadamu huivunjavunja kwa kutumia kimeng'enya kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo NAT2, na jeni hiyo haifanani kwa watu wote. Wapo ambao ini lao linaimaliza dawa haraka, wapo wa polepole, wapo wa katikati. Katika Afrika Mashariki, kama ilivyo Ulaya, takriban nusu ya watu ni wa polepole. Kwao dawa hukaa mwilini muda mrefu na kujazana: nyayo zinakufa ganzi na kuchoma kama zimekanyaga makaa, na kwa baadhi yao macho yanageuka manjano kwa sababu ini limeumia. Wa haraka wana tatizo la upande wa pili, dawa inatoka kabla haijawamaliza wadudu. Vitamini B6 inayotolewa pamoja na isoniazidi inasaidia neva. Ini haiwezi kulilinda.

Haya si mambo ya juzi. Tofauti hiyo iligunduliwa miaka ya 1950, mara tu isoniazidi ilipoanza kutumika. Ilichukua hadi 2013 ndipo watafiti wa Japani walipochapisha jaribio la kuwagawia wagonjwa isoniazidi kwa kufuata jeni. Kati ya wale wa polepole waliopewa dozi ya kawaida, asilimia 78 waliumia ini. Kati ya wa polepole waliopunguziwa dozi, hakuumia hata mmoja. Na wa haraka walioongezewa dozi walishindwa na matibabu ya mwanzo mara chache zaidi kuliko wenzao walioachwa kwenye kiwango cha wote. Lilikuwa jaribio dogo, la wagonjwa wasiofika mia mbili, na Wajapani wa polepole ni wachache kuliko sisi. Lakini ukisoma namba hizo ukiwa Uyole au Ilula, huna budi kuuliza kwa nini hapa chombo pekee kinachoamua dozi ya mtu ni mizani ya kupimia kilo.

Mbeya si wageni wa maswali ya dozi. Kituo kilekile cha NIMR kilishiriki katika jaribio kubwa la Tanzania na Afrika Kusini lililochapishwa 2017, ambamo rifampisini iliongezwa kutoka miligramu 10 kwa kila kilo ya mgonjwa hadi 35 ili kuona kama makohozi yatasafika mapema. Kwa kundi hilo la dozi kubwa, makohozi yalisafika mapema kweli. Watu waliozoea kufikiri kwamba dozi iliyoandikwa kitabuni inaweza kuwa ndogo mno hawahitaji kubembelezwa sana ili wafikiri kwamba inaweza pia kuwa kubwa mno kwa mtu fulani.

Msikilizaji, tuhame sasa kutoka kifuani twende kwenye kliniki za CTC, zile za tiba ya VVU, kwa maana hapo ndipo Nyanda za Juu Kusini zina hesabu nzito kuliko kanda nyingine za nchi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 4.4 nchi nzima. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Dawa yoyote ya VVU inayomsumbua mtu mmoja kati ya watano inasumbua, kando ya barabara hii ya kutoka Kitonga hadi Tunduma, maelfu kwa maelfu ya watu.

Na dawa ya namna hiyo ilikuwapo. Efavirenzi, iliyofungwa ndani ya kidonge kimoja cha usiku pamoja na tenofoviri na lamivudini, ndiyo iliyokuwa tegemeo kwa miaka kadhaa. Iliokoa maisha, hilo lisisahauliwe na mtu. Ila waliomeza wanakumbuka usiku wake: kichwa kinazunguka mtu akiinuka kwenda msalani, ndoto za vituko, asubuhi nzito kama ya mlevi. Wauguzi walishauri kidonge kimezwe mtu akiwa tayari kitandani. Wengi walizoea. Wengine hawakuzoea, na wapo walioacha dawa.

Mchuma chai wa Mufindi na karani wa benki wa Zurich walipewa miligramu 600 zilezile. Maini yao hayakuwa sawa. Efavirenzi huvunjwa na kimeng'enya kinachoitwa CYP2B6, na katika watu wengi wa Afrika jeni yake ina badiliko linalokifanya kimeng'enya hicho kizembee. Mwaka 2008 kundi la watafiti wakiongozwa na Collen Masimirembwa, mwanasayansi wa Zimbabwe mwenye taasisi yake Harare, lilichapisha kwamba karibu nusu ya nakala za jeni hiyo katika Wazimbabwe waliopimwa zilikuwa na badiliko hilo, na mtu mmoja kati ya watano alilirithi kwa baba na kwa mama. Hao wa pande mbili walikuwa na dawa nyingi mno katika damu, na watafiti wakasema waziwazi kwamba dozi yao ipunguzwe.

Tanzania nayo haikulala. Muhimbili, wafamasia na madaktari akiwamo Omary Minzi walishirikiana na Eleni Aklillu, profesa mzaliwa wa Ethiopia aliyeko Taasisi ya Karolinska huko Sweden, wakawafuatilia wagonjwa wa Dar es Salaam na wa Ethiopia waliokuwa wakimeza dawa hiyohiyo. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalikuwa na mshangao wake: Watanzania walikuwa na efavirenzi nyingi zaidi katika damu kuliko Waethiopia, hata pale jeni hiyo ilipofanana. Maana yake CYP2B6 peke yake haimalizi hadithi, na maana yake nyingine ni kwamba aliyepima Addis Ababa hajaipima Dar es Salaam.

Mwaka uliofuata jaribio la kimataifa lilionyesha kuwa miligramu 400 zinatosha kuvizuia virusi sawasawa na 600. Kisha, 2019, Tanzania ikaanza kuwahamishia wagonjwa wake kwenye dolutegraviri, na usiku wa vituko ukaanza kuwa historia. Hakuna mgonjwa wa Tukuyu wala wa Mafinga aliyehitaji kupimwa CYP2B6 ili apate nafuu hiyo. Dawa ilibadilishwa kwa wote.

Hapo pana jambo ambalo wapenzi wa tiba ya jeni huwa hawalisemi kwa sauti. Kwa nchi yenye mashine chache na wagonjwa wengi, faida kubwa ya kuzijua jeni mara nyingi huja kwa kupitia mwongozo wa taifa kabla ya kufika kitandani kwa mtu mmoja. Ukijua kwamba sehemu kubwa ya watu wako hawaiwezi dawa fulani, tafuta dawa nyingine au punguza dozi ya wote, na fedha za kupima mmoja mmoja zitumike kwingine. Kwa efavirenzi uamuzi huo ulikuwa wa busara. Ubaya wake ni miaka. Toka 2008 hadi 2019 ni miaka kumi na moja ya kuwaambia watu watazoea.

Na deni la efavirenzi bado linaonekana kwa njia ya ajabu. Watu waliohamia dolutegraviri wamekuwa wakilalamika kwamba inanenepesha. Watafiti wa Afrika Kusini walipochambua jeni za washiriki wa jaribio lao waliona kuwa waliomeza efavirenzi huku wakiwa na CYP2B6 ya polepole ndio ambao uzito wao haukupanda kama wa wenzao. Sehemu ya unene unaolaumiwa kwa dawa mpya, basi, huenda ni mwili uliokuwa umebanwa na dawa ya zamani.

Kuna kisa kingine, na hiki kinauma zaidi. Mwaka 1956 ilijulikana kwamba watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD katika chembe nyekundu za damu huvunjikiwa na chembe hizo wakinywa primakwini ya malaria. Mwaka 1960 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, yuleyule aliyeonyesha uhusiano wa selimundu na malaria, aliandika juu ya upungufu huo kwa watu wa Afrika Mashariki. Elimu ilikuwapo, tena ya kwetu. Hata hivyo, miaka ya 2000 dawa ya malaria iitwayo Lapdap, yenye dapsoni ndani yake, iliingizwa Afrika, na dapsoni inajulikana kuwaumiza watu walewale. Majaribio makubwa yaliyojumuisha Kenya na Tanzania yakaonyesha damu ikishuka kwa wenye upungufu wa G6PD, na Februari 2008 kampuni ikaiondoa sokoni. Kwa primakwini yenyewe, Shirika la Afya Duniani liliamua 2012 kwamba dozi moja ndogo, robo miligramu kwa kilo, itolewe bila kupima mtu. Tena suluhisho la wote badala ya la mmoja mmoja.

Upungufu wa G6PD hufuata malaria, kwa sababu humpa mtu kinga kiasi dhidi yake. Kwa hiyo mtu atarajie kuukuta kwa wingi zaidi Kyela, kwenye joto na mbu wa Ziwa Nyasa, kuliko kwa wenyeji wa baridi ya Mufindi, ingawa basi huunganisha sehemu hizo mbili ndani ya siku moja. Kusema "Waafrika" katika mambo haya ni uvivu. Wataalamu wa Karolinska waliripoti 1996 kwamba asilimia 29 ya Waethiopia waliowapima walikuwa na nakala za ziada za jeni inayogeuza kodeini kuwa mofini, kiasi kwamba kidonge cha maumivu kinaweza kuwazidi nguvu. Mwaka 1999 Amos Massele wa Muhimbili na wenzake wakaonyesha kwa Watanzania mwelekeo wa kinyume, kimeng'enya hichohicho kikiwa dhaifu kuliko ilivyotazamiwa. Nchi hizi mbili hazitenganishwi na bahari, Kenya tu iko katikati.

Mfano wa karibu zaidi uko Mbarali. Bonde la Usangu lina wakulima wa mpunga na lina wafugaji waliohamia, Wasukuma, Wabarbaig na Wamasai. Sasa kuna dawa ya VVU iitwayo abakaviri, inayotumika sana kwa watoto. Kwa mwenye jeni ya HLA-B*57:01 inaweza kuleta homa, upele, kutapika na kukosa pumzi, na akiirudia baada ya kuiacha anaweza kufa. Ulaya hupimwa kwanza, kisha huandikiwa. Afrika ilisemekana kuwa jeni hiyo ni adimu, na kwa Wayoruba waliopimwa Nigeria haikuonekana kabisa. Lakini sampuli za Kenya zilionyesha asilimia 3.3 kwa Waluhya na 13.6 kwa Wamasai, juu kuliko Wazungu wengi. Tabibu wa Rujewa anayempa abakaviri mtoto wa mfugaji wa Kimasai hawezi kustarehe kwa sababu ya wastani wa bara zima. Asipokuwa na kipimo, anachoweza ni kumweleza mama dalili kwa lugha anayoielewa, na kuandika kwa kalamu nyekundu kwenye kadi kwamba dawa ikisimamishwa kwa dalili hizo isirudishwe kamwe.

Ndiyo sababu kununua kipimo cha Ulaya kikiwa kimefungwa tayari ni hatari ndogo inayofanana na msaada. Uingereza tangu 2020 hupima jeni ya DPYD kabla ya kutoa baadhi ya dawa za saratani, hatua nzuri. Orodha ya mabadiliko yaliyotafutwa ilitungwa kwa kuwaangalia Wazungu, wakati lipo badiliko jingine linaloonekana kwa watu wenye asili ya Afrika ambalo orodha hiyo haikuwa nalo. Mtu anapimwa, anaambiwa yuko salama, kumbe aliulizwa swali la mtu mwingine.

Upande wa sheria nchi haiko uchi. Ipo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Shida ni kwamba mwananchi wa kawaida akisikia vinasaba anawaza mambo mawili, maiti isiyotambulika na mtoto anayebishaniwa. Mwanamume wa Mwanjelwa akiambiwa atolewe damu ipimwe jeni ili apewe dozi yake ya TB, atauliza kwanza jibu hilo atalisoma nani nyumbani kwake. Ni swali la haki kabisa, na linahitaji jibu kabla ya sindano. Na wazee bado wanakumbuka hadithi za mumiani, kwa hiyo damu inayosafiri kwenda mbali inatakiwa iende na maelezo.

Kipo pia chombo cha bei rahisi ambacho hakihitaji umeme. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hupokea taarifa za madhara ya dawa kutoka vituo vya afya kwa fomu ya njano, na kutoka kwa wananchi pia. Fomu mia kutoka Iringa zinazosema dawa moja inawatia watu manjano ndani ya mwezi wa kwanza ni fununu ya jeni hata kabla maabara haijafungua mlango. Tatizo ni kwamba mgonjwa aliyezoea kuambiwa vumilia hasemi, na muuguzi mwenye foleni ya watu themanini haandiki.

Turudi kwenye isoniazidi, maana hapo ndipo pa kuanzia kuliko mahali pengine pote. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walichapisha kipimo cha NAT2 kinachowekwa ndani ya GeneXpert ileile ya makohozi. Damu kidogo inaingia, na chini ya saa tatu mashine inasema huyu ni wa haraka, wa katikati au wa polepole. Walilinganisha majibu na jinsi isoniazidi ilivyokuwa ikitoka katika miili ya wagonjwa wa TB wa Brazil, na vikalingana. Kilikuwa kipimo cha mfano, hakijafika rafu za bohari. Lakini mashine ambazo zingekisoma ziko tayari Mbeya na Iringa, na mafundi wanaozifahamu wako hapo. Bei inaweza kushuka ikisukumwa: katriji ya TB ilikaa kwa miaka karibu dola 10 za Marekani, na Septemba 2023, baada ya kelele nyingi za wanaharakati, ikateremka hadi dola 7.97.

Kikwazo kigumu zaidi kimo ndani ya kidonge. Dawa za TB hutolewa zikiwa zimechanganywa, kidonge kimoja kikiwa na rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275. Mpango huo uliwekwa kwa sababu njema, ili mgonjwa asichague kumeza hiki na kuacha kile. Kwa mtu wa haraka mambo ni mepesi: isoniazidi peke yake ipo kwenye kliniki za CTC, ambako hutumika kuwakinga na TB watu wanaoishi na VVU, na kidonge cha nyongeza kinaweza kuongezwa juu ya mchanganyiko. Kwa mtu wa polepole, ambaye ndiye anayeumia ini, huwezi kupunguza isoniazidi bila kupunguza na rifampisini iliyofungwa nayo, na rifampisini ikipungua wadudu wanajifunza usugu. Yeye atahitaji dawa zilizotenganishwa, zikiagizwa na kutunzwa mbalimbali kuanzia Bohari ya Dawa hadi dirisha la mfamasia wa Tosamaganga.